Odi ndogo, kampuni moja tu: nihamie tovuti ya nje?

Mpendwa Mshauri,

Ninakoishi, sheria imelipatia shirika moja tu haki ya kuendesha bahati nasibu, mashine za kamari za mtandaoni na ubashiri wa mechi. Leseni ni yao peke yao. Anayetaka kucheza kihalali hana mlango mwingine.

Kila wiki natengeneza mkeka wa mechi tano (dau moja kwa zote, nikikosea moja mkeka umekufa) na kununua tiketi mbili za bahati nasibu. Baadhi ya usiku nacheza mashine kwenye simu kama saa moja, dau dogo dogo. Hivi karibuni shemeji yangu alinionyesha tovuti ya nje ambayo haina leseni kwetu. Mechi ambayo shirika letu lilitoa odi, yaani namba inayozidishwa na dau ukishinda, ya 2.00 kwa mwenyeji, 3.00 kwa sare na 3.40 kwa mgeni, huko ilikuwa 2.15, 3.25 na 3.60. Mashine zao zimeandikwa rejesho la asilimia 96, na za kwetu, baada ya kupekua kanuni ukurasa kwa ukurasa, ni asilimia 90. Tena ukiweka 100 wanakuongezea bonasi ya 100, kwa sharti la kuizungusha bonasi hiyo mara 30.

Kuna jambo lingine. Mkeka wangu mmoja ulishinda, ila mechi moja kati ya tano iliahirishwa, na shirika likanilipa nusu ya nilichotarajia. Niliandika barua pepe mbili. Nilichojibiwa ni mstari mmoja: "kwa mujibu wa kanuni". Kungekuwa na kampuni ya pili ningehama siku ile ile.

Mke wangu anasema serikali iliweka shirika moja ili kutulinda, na faida inasaidia michezo na hospitali, basi niache manung'uniko. Mimi naona natozwa zaidi kwa sababu wanajua sina pa kwenda. Nani yuko sahihi? Nihamie kwa shemeji? Na lile la mkeka nilifuatilie vipi?

Ni mimi,
Mteja asiye na chaguo

*

Ndugu Mteja,

Unatozwa zaidi, na ushahidi uko kwenye odi ulizotuandikia. Hata hivyo kuhama hakutakuponya, maana sehemu kubwa ya pesa unayopoteza inatokana na aina ya mchezo unaocheza na kasi unayoucheza. Jina la muuzaji linachangia kidogo kuliko unavyodhani. Tutaanza na bei, kwa sababu mteja wa ukiritimba asiyejua bei hana cha kulalamikia wala cha kupangia.

Dau si bei. Bei ya kamari ni ile sehemu ya dau ambayo kwa wastani hairudi kwa wachezaji, na kwenye odi imefichwa lakini haikosekani. Chukua 1 uigawe kwa kila odi ya mechi, kisha jumlisha. Kwa shirika lenu: 1 gawa kwa 2.00 ni 0.500, kwa 3.00 ni 0.333, kwa 3.40 ni 0.294. Jumla ni 1.127. Kama muuzaji hachukui chochote, jumla ingekuwa 1 kamili. Sasa gawa 1 kwa 1.127, unapata 0.887: katika kila 100 zinazowekwa kwenye mechi hiyo, takribani 88.7 zinarudi kwa wachezaji na 11.3 zinabaki. Fanya hivyo hivyo kwa odi za tovuti ya shemeji: 0.465, 0.308 na 0.278, jumla 1.051, rejesho asilimia 95.2. Wao wanabakiza chini ya 5. Kwa mechi moja, basi, shirika lenu lina bei zaidi ya mara mbili ya ile ya nje. Hapo uko sahihi kabisa.

Lakini wewe huchezi mechi moja moja. Unacheza mkeka wa tano, na kwenye mkeka bei haijumlishwi, inazidishwa. Rejesho la 0.887 likizidishwa mara tano linakuwa 0.549. Maana yake kwa kila 100 unazoweka kwenye mkeka wa mechi tano wa shirika lenu, kwa wastani 45 zimeshakatwa kabla mpira haujaanza. Kwenye tovuti ya nje, 0.952 mara tano inatoa 0.78, makato 22. Ziweke sasa namba hizi pamoja: mechi moja moja kwenye shirika lenu lenye odi mbaya inakugharimu 11 kwa kila 100, na mkeka wa tano kwenye tovuti yenye odi nzuri unakugharimu 22. Ukibaki ulipo na kuvunja mkeka, utatozwa nusu ya utakachotozwa ukihama nao. Hilo ndilo jambo la kwanza la kufanya, na halihitaji kibali cha mtu. Angalizo lake ni moja: jumla ya dau kwa wiki isipande. Anayeacha mkeka mmoja wa 10 akaanza kuweka 10 kwenye kila mechi kati ya tano atakuwa ameweka 50, na makato ya 11.3 kwa 100 ya hizo 50 ni 5.6, zaidi ya 4.5 alizokuwa akipoteza kwenye mkeka. Gawa dau lile lile, 2 kwa kila mechi.

Mashine ndizo zinazotutia wasiwasi zaidi katika barua yako, ingawa umezitaja kwa kupita tu. Rejesho la asilimia 90 linasikika kubwa, na watu wengi hudhani maana yake wakiingia na 100 watatoka na 90. Asilimia hiyo inahesabiwa kwa kila mzunguko, si kwa kila usiku. Zungusha 100 zote mara moja, kwa wastani unabaki na 90. Zungusha hizo 90, unabaki na 81. Baada ya kuizungusha pesa yote mara kumi unabaki na takribani 35. Ndiyo sababu mtu anaweza kumaliza salio lake kwenye mashine ambayo haijadanganya hata kidogo.

Ili kulinganisha michezo ya kasi tofauti, tumia gharama ya saa: dau, zidisha kwa idadi ya mizunguko kwa saa, zidisha kwa asilimia inayobaki. Mashine inayozunguka kila sekunde sita inafanya mizunguko 600 kwa saa. Kwa dau la 1 na makato ya asilimia 10, saa moja inakugharimu wastani wa 60. Kwa makato ya asilimia 4 ya tovuti ya nje ni 24. Bahati nasibu, ambayo mara nyingi hurudisha nusu tu ya mauzo na kwa hiyo kwa asilimia ndiyo ghali kuliko yote, inakugharimu 1 kwa wiki nzima ukinunua tiketi mbili za 1 kila moja. Mchezo wenye bei mbaya kuliko yote ndio unaokuumiza kidogo kuliko yote, kwa sababu uko polepole. Ukitaka kupunguza hasara kabla hujagusa suala la nani ana leseni, anza na ile saa moja ya usiku.

Sasa tuje kwenye ukiritimba wenyewe. Ushindani kwa kawaida hushusha makato, kwa kuwa mteja anayejua kulinganisha huhama. Penye muuzaji mmoja shinikizo hilo halipo, na makato yanageuka kuwa aina ya kodi isiyoitwa kodi. Mara nyingi serikali inakuwa mmiliki wa shirika, mnufaika wa faida yake na wakati huo huo msimamizi wa mwenendo wake. Kofia hizo tatu hazikai vizuri juu ya kichwa kimoja.

Bei pia inaweza kupandishwa bila kugusa tiketi. Bahati nasibu ya taifa ya Uingereza huendeshwa na kampuni moja kwa leseni ya kipekee. Oktoba 2013 tiketi ya mchezo wake mkuu ilipanda kutoka pauni 1 hadi pauni 2, na hilo kila mtu aliliona. Oktoba 2015 mipira iliongezwa kutoka 49 hadi 59, ukichagua sita kama kawaida. Mipira kumi tu zaidi, lakini nafasi ya kupata zawadi kuu ilishuka kutoka 1 katika 13,983,816 hadi 1 katika 45,057,474. Mteja aliyekuwa akicheza namba zake zile zile aliendelea kuzicheza, nafasi ikiwa chini ya theluthi ya ile ya zamani. Kwenye ruleti mchezo ni huo huo: gurudumu lenye sifuri moja linabakiza asilimia 2.70, lenye sifuri mbili 5.26, lenye sifuri tatu 7.69, na malipo ya namba moja yanabaki 35 kwa 1 pote. Kwa hiyo shirika lako likitangaza "muundo mpya wa mchezo", usiangalie ukubwa wa jakpoti. Tafuta mambo mawili kwenye kanuni: namba ngapi zinachaguliwa kati ya ngapi, na asilimia ngapi ya mauzo inakwenda kwenye zawadi.

Mke wako naye hajakosea moja kwa moja. Ukiritimba unaweza kulinda, kwa sharti kwamba shirika linautumia kuzuia na si kuuza tu. Mfano unaotajwa sana ni Norwei. Julai 2007 nchi hiyo iliondoa mashine zote za kamari zilizokuwa zimetapakaa madukani na kwingineko. Baadaye shirika la serikali, Norsk Tipping, lilileta mashine zake chache zaidi, zinazohitaji kadi ya mchezaji na zenye ukomo wa hasara. Utafiti uliofuata ulionyesha watu walipunguza kucheza, na simu za kuomba msaada wa uraibu zikapungua. Tangu 2016 shirika hilo likaweka pia ukomo wa jumla wa hasara, krona 20,000 kwa mwezi kwa mtu mmoja katika michezo yake yote. Ukomo wa namna hiyo unafanya kazi kirahisi pale akaunti zote ziko sehemu moja. Penye kampuni ishirini, mtu akifika ukomo kwa moja anafungua akaunti kwa nyingine.

Jirani yao Finland walikuwa na ukiritimba pia, na matokeo yakawa mengine. Mashirika yao matatu yaliunganishwa Januari 2017 kuwa Veikkaus, lakini maelfu ya mashine yaliendelea kukaa kwenye maduka ya vyakula, vibanda na vituo vya mafuta, mahali ambapo mtu anakwenda kununua mkate. Kujitambulisha kabla ya kucheza mashine hizo kulikuja kuwa lazima mwaka 2021 tu. Leseni ya kipekee walikuwa nayo wote wawili. Kilichowatofautisha ni kadi, ukomo na mahali mashine zilipowekwa.

Mahakama ya Haki ya Ulaya imelisema hili kwa upande wake. Katika kesi ya Gambelli ya 2003 ilieleza kwamba nchi inayowahimiza wananchi wacheze ili hazina ipate mapato haiwezi kutumia ulinzi wa jamii kama sababu ya kuwafungia wengine mlango. Mwaka 2009, kwenye kesi ya Liga Portuguesa, iliikubalia Ureno haki ya kulinda ukiritimba wa mtandaoni kwa hoja ya kuzuia udanganyifu. Huenda unakoishi maamuzi hayo hayana nguvu ya sheria, lakini yanakupa kipimo kizuri cha kumpima muuzaji wako. Jiulize: je, shirika lina ukomo wa hasara wa lazima? Je, unaweza kujifungia akaunti mwenyewe, papo hapo, bila kumpigia mtu simu? Je, linakutumia ujumbe wa "rudi ucheze" ukikaa kimya wiki mbili? Kama majibu ni hapana, hapana, ndiyo, basi unalipa bei ya ulinzi bila kupewa ulinzi, na hayo ndiyo malalamiko yenye uzito zaidi kuliko odi ndogo.

Kuhusu michezo na hospitali: omba taarifa ya mwaka ya shirika, utafute mauzo ghafi, zawadi zilizolipwa, na kiasi kilichofika kwa walengwa. Angalia neno "mapato" limetumiwa kwa maana gani, maana mashirika mengi huita mapato kile kilichobaki baada ya zawadi, na mengine huita hivyo mauzo yote. Asilimia ile ile inaweza kuonekana kubwa au ndogo kutegemea imegawiwa kwa nini. Na kama nia yako ni kuisaidia hospitali, ipelekee pesa moja kwa moja. Itafika bila makato ya zawadi, matangazo na kamisheni za wauzaji.

Turudi kwa shemeji na tovuti yake. Chukua kwanza ile bonasi. Kuzungusha 100 mara 30 ni kuweka madau ya jumla ya 3,000. Kwenye mashine ya rejesho la asilimia 96 utapoteza wastani wa asilimia 4 ya hizo, yaani 120. Bonasi ni 100. Umepewa 100 kwa sharti linalokugharimu 120, na hiyo ndiyo hali nzuri. Soma tena kifungu, maana tovuti nyingi huhesabu bonasi pamoja na amana yako: hapo ni 200 mara 30, madau ya 6,000, hasara ya wastani 240. Vifungu vingine vya kutafuta ni dau la juu linaloruhusiwa wakati bonasi iko hai (ukilivuka hata mara moja wanaweza kufuta ushindi wote), michezo inayohesabiwa nusu au isiyohesabiwa kabisa, na siku za mwisho. Kama utaona kitufe cha kukataa bonasi, kibonyeze.

Odi kubwa pia ina thamani pale tu ushindi unapolipwa. Matatizo ya tovuti zisizo na leseni hayaonekani wakati wa kuweka pesa, yanaonekana wakati wa kuitoa. Amana inapokelewa ndani ya dakika bila kitambulisho. Ukishinda, ndipo wanaomba pasipoti, bili yenye anwani, picha yako na hati ya benki, na kila hati inayotumwa inakutwa na kasoro. Katika kungoja, salio linabaki kwenye akaunti likikushawishi ulicheze. Wapo wanaolipa vizuri, hilo hatulikatai. Lakini asiyelipa huna pa kumshtaki: mdhibiti wa kwenu hana mamlaka juu yake, na leseni ya kisiwa cha mbali iliyochapwa chini ya ukurasa mara nyingi haina ofisi inayojibu mteja. Kampuni ikifungwa, salio lako linakwenda nayo. Na mteja anayeshinda mfululizo hupunguziwa dau la juu hadi senti chache, jambo ambalo hata kampuni zenye leseni hulifanya.

Kisha kuna sheria. Nchi hazifanani hapa, kwa hiyo isome ya kwenu. Singapore, kwa sheria yake ya 2022, mchezaji mwenyewe anatenda kosa akicheza kwa mwendeshaji asiye na kibali, na adhabu ni faini au kifungo. Norwei njia waliyochagua ni benki: tangu 2010 zimekatazwa kupitisha malipo ya michezo kwa waendeshaji wasioruhusiwa. Uliza pia kodi, kwa sababu zipo nchi ambako ushindi wa shirika lenye leseni hautozwi na ushindi wa nje unatozwa. Tofauti ya asilimia sita na nusu kwenye rejesho inamezwa mara moja na kodi ya namna hiyo.

Na kama umewahi, au utawahi, kujifungia akaunti kwenye shirika lenu, tovuti ya nje haitajua wala haitajali. Sweden walipofungua soko Januari 2019 walianzisha rejista moja, Spelpaus. Ukijiandikisha humo, waendeshaji wote wenye leseni wanakufungia. Ila wasio na leseni hawamo. Anayetaka kujizuia kwa kweli aweke ngao tatu: kujifungia kwenye shirika, programu ya kuzuia tovuti za kamari kwenye kila simu na kompyuta (BetBlocker ni ya bure), na zuio la malipo ya kamari kwenye benki kama benki yake inalo. Ngao moja peke yake ina mwanya.

Kuhusu mkeka uliolipwa nusu, yawezekana shirika limefanya sawa na kushindwa tu kukueleza. Kanuni ya kawaida ni kwamba mechi isiyochezwa huhesabiwa odi 1.00, na mkeka unaendelea na mechi zilizobaki. Kama mechi zote tano zilikuwa na odi 2.00, mkeka mzima ulikuwa 32. Ukiondoa moja unakuwa 16, nusu kamili. Kwa hiyo tazama odi ya mechi iliyoahirishwa. Ikiwa ilikuwa karibu na 2.00, malipo ni halali. Ikiwa ilikuwa 1.40, ulipaswa kupata takribani asilimia 71 ya mkeka, na hapo una madai. Kagua pia muda: kanuni huwa zinataja mechi ikichezwa ndani ya saa kadhaa baada ya muda wake inahesabiwa kama kawaida. Kama ilichezwa ndani ya muda huo na timu yako ikashinda, hawakupaswa kuiondoa.

Barua pepe ya tatu iandike tofauti na mbili za kwanza. Weka namba ya mkeka, tarehe na saa ya kuuweka, dau, odi za mechi zote tano, kiasi ulicholipwa na kiasi unachodai, pamoja na hesabu yako. Taja kifungu cha kanuni kwa namba yake, toleo lililokuwa likitumika siku ulipocheza. Kanuni hubadilishwa, kwa hiyo hifadhi nakala. Ambatisha picha ya skrini ya mkeka. Kisha weka sentensi hii: "Naomba uamuzi wa mwisho kwa maandishi, ukitaja kifungu kilichotumika, na jina la chombo ninachoweza kukata rufaa kwake." Neno "uamuzi wa mwisho" lina kazi. Wadhibiti na wasuluhishi wengi hawafungui faili mpaka uwe nao, au mpaka muda uliowekwa upite. Uingereza, kwa mfano, muda huo ni wiki nane. Usipige simu. Ukipigiwa, tuma muhtasari wa mazungumzo kwa barua pepe saa hiyo hiyo.

Jambo moja la kukuepusha na uchungu: ujumbe wa simu unaosema umeshinda si uamuzi wa malipo. Juni 2025 Norsk Tipping walizidisha kwa 100 badala ya kugawa kwa 100 walipobadilisha senti za yuro kuwa krona, na maelfu ya wachezaji wakaarifiwa zawadi kubwa ambazo hazikuwapo. Mkurugenzi mkuu alijiuzulu, ila zawadi zilizolipwa ni zile sahihi. Kinachoshinda siku zote ni kanuni na matokeo rasmi. Usitumie pesa ambayo haijaingia benki.

Wakati ukingoja jibu, fungua akaunti yako na upakue historia ya miezi 12. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya sheria ya data inalipatia shirika mwezi mmoja kukukabidhi. Kwingineko omba tu, wengi wanatoa. Usihangaike na jumla ya madau, inazungushwa mara nyingi na itakutisha bure. Toa jumla ya pesa ulizotoa kutoka jumla ya pesa ulizoweka, bila kusahau salio lililopo. Namba hiyo ndiyo gharama yako ya mwaka. Itenganishe kwa mchezo ukiweza: mkeka, tiketi, mashine. Igawe kwa 12, kisha mkae wewe na mke wako mwulizane kama mwezi mmoja wa burudani una thamani hiyo. Kiasi mtakachokubaliana kiweke kama ukomo wa amana kwenye akaunti leo hii, kwa sababu kuushusha kwa kawaida huanza mara moja na kuupandisha hucheleweshwa. Kama utaona mashine zimebeba zaidi ya nusu, au kwamba amana nyingi za usiku zilifuata hasara ya dakika chache zilizotangulia, hiyo ni kufukuzia hasara. Zifunge mashine peke yake kama shirika linaruhusu, la sivyo funga akaunti nzima kwa miezi sita, na uzungumze na huduma ya ushauri wa uraibu kabla haijafunguka.

Odi hutazishusha wala kuzipandisha peke yako. Lakini leseni ya kipekee mara nyingi ina tarehe ya mwisho, na karibu na tarehe hiyo muuzaji asiye na mshindani anakuwa na washindani kwa muda. Uingereza, Camelot waliendesha bahati nasibu ya taifa tangu droo ya kwanza ya Novemba 1994, na Februari 2024 leseni ikaenda kwa Allwyn. Tafuta leseni ya shirika lenu inaisha lini na kama mdhibiti anapokea maoni ya umma. Mpelekee mambo matatu, kila moja kwa sentensi moja: asilimia ya rejesho ichapishwe wazi kwenye ukurasa wa kila mchezo, ukomo wa hasara uwe wa lazima, na malalamiko ya wateja yaamuliwe na chombo kisicholipwa na shirika. Barua yako kuhusu mkeka, pamoja na jibu la mstari mmoja ulilopewa, iambatishe kama kielelezo cha lile la tatu.